Getiwei za mita janja Kisumu: kilima cha Riat, tangi la maji au paa la shule?

Chemba_Tatu

Habari za kazi, wenzangu. Tunapanga mtandao wa kusoma mita za maji bila waya, LoRaWAN (redio ya kufika mbali kwa nguvu ndogo ya betri) ya 868 MHz, mita kama 2,400 kuanzia Mamboleo na Kondele kushuka Manyatta mpaka Nyalenda. Mita nyingi ziko ndani ya chemba, sentimita 30 hadi 50 chini ya ardhi, na karibu nusu ya chemba zina vifuniko vya chuma. Kila mita itatuma usomaji mara nne kwa siku. Bajeti inatosha getiwei nne za nje, yaani vipokezi vinavyokusanya jumbe za mita na kuzipeleka kwenye intaneti.

Mahali tulipokubaliwa kwa mdomo ni patatu. Kuna mlingoti wa mita 18 kwenye ukingo wa vilima vya Riat, na ukisimama hapo unaona mji wote hadi ziwani. Kuna tangi la chuma lililoinuliwa upande wa Manyatta, ukingo wake wa juu uko mita 16 kutoka ardhini. Na kuna paa la shule ya ghorofa nne karibu na Kondele. Ofisini wengi wanasema Riat peke yake inatosha kwa sababu ndiko juu zaidi, hizo tatu zingine zikae stoo kama akiba.

Naomba mnisaidie: je, Riat inatosha kweli? Nipimeje kabla ya kuchimba shimo lolote? Na ni mambo gani ya stima, radi na ruhusa yanayoweza kuniharibia mahali ambapo kwa redio panaonekana pazuri?

Fundi_Kondele

Ndugu, anza na hesabu kabla ya kuangalia mandhari. Mita inatuma kwa 14 dBm (kipimo cha nguvu ya redio; kadiri kinavyoshuka chini ya sifuri ndivyo ujumbe unavyokuwa hafifu, na dB ni kiasi kinachoongezwa au kupotea njiani). Antena yake ndogo iliyofungiwa ndani inakula kama 2. Riat mpaka Nyalenda ni kilomita 7 au zaidi, na kwa 868 MHz upotevu wa njia tupu, isiyo na kizuizi chochote, ni 108 dB. Nyumba, mabati na miti weka 25. Kifuniko cha chuma weka 20, na kikikaa sawasawa kwenye fremu yake huzidi hapo. Antena ya getiwei ya 8 dBi (inaongeza 8), toa 1 ya kebo. Jumla inafika −134 dBm. Kipokezi cha kawaida cha LoRa kinasikia hadi karibu −137 kwa SF12 (ngazi za kasi ni SF7 hadi SF12; SF12 ndiyo ya polepole kabisa, lakini inasikika mbali zaidi). Umebaki na dB 3, na mvua moja ikijaza chemba zimekwisha.

Sasa weka getiwei kilomita moja kutoka kwa mita ile ile. Njia ni 91 dB, nyumba 20, kifuniko 20, antena ya 6 dBi. Unapata −114 hivi, na SF7 inasikia hadi −123. Una akiba ya dB 9 kwenye kasi ya juu kabisa. Tofauti hiyo ndiyo maisha ya betri. Ujumbe wa baiti 20 kwa SF7 hukaa hewani kama sekunde 0.07, kwa SF12 ni sekunde 1.8, yaani mara 25. Betri iliyoahidiwa miaka kumi haitaiona ikiwa kila mita inapiga kelele kwa SF12 mara nne kwa siku na kurudia jumbe zilizopotea.

Kuna jambo la pili kuhusu Riat. Mlingoti wako uko mita 200 hivi juu ya mji. Antena ya 8 dBi inayozunguka pande zote hupata nguvu yake kwa kubana mwale wa wima. Nyingi zina upana wa nyuzi 15 hivi, yaani 7.5 chini ya mstari wa upeo. Nyumba iliyo kilomita 1.2 chini ya kilima iko nyuzi 9 chini. Mwale unapita juu ya kichwa chake. Watu hushangaa mita za karibu zinapopotea huku za mbali zikisikika, wakadhani mita ni mbovu. Riat weka antena ya 5 au 6 dBi, au ya upande mmoja iliyoinamishwa nyuzi 4 hadi 5 kuelekea mjini. Nyuma yake kilimani huna mteja wa kumhudumia.

Tatu, mahali pa juu panasikia kila kitu, pamoja na takataka. Sakafu ya kelele kwa chaneli ya 125 kHz inapaswa kuwa karibu −117 dBm. Kama kuna minara ya simu jirani inayotuma kwenye 791–821 MHz na 925–960 MHz, kipokezi chako kinaweza kuzibwa masikio hata kama masafa hayagongani. Ukikuta kelele iko −105, umepoteza dB 12, na hakuna antena itakayokurudishia. Hapo unahitaji kichujio cha kaviti (kinachopitisha masafa yako tu) kati ya antena na getiwei, na utengano wa wima wa angalau mita 3 hadi 5 kutoka kwa antena za simu.

Kwa hiyo mpango wangu ungekuwa tangi na shule kama uti wa mgongo, Riat kama sikio la ziada la Mamboleo, na ya nne usiamue mahali pake sasa. Iache mpaka vipimo vikuonyeshe shimo, yaani mahali mita zisiposikika, liko wapi. Nahisi litakuwa Nyalenda, bondeni kuelekea mto Auji, lakini usinichukulie neno, pima.

Namna ya kupima: tafuta mlingoti wa kuvuta wa mita 6 hadi 9, betri ya 12 V, na getiwei yenyewe utakayoinunua, si nyingine. Isimamishe mahali unapopachunguza. Chukua mita mbili za aina ile ile na uziweke ndani ya chemba halisi, kifuniko kimefungwa. Kupima na mita mkononi ni kujidanganya kwa dB 20. Chagua nukta 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ziwe mahali pabaya: nyuma ya majengo ya ghorofa, kwenye vichochoro vya mabati, kando ya mto, chemba iliyojaa tope. Kila nukta tuma jumbe 10 kwa SF7 na 10 kwa SF10. Andika RSSI (nguvu ya ujumbe uliopokewa), SNR (ujumbe uko juu au chini ya kelele kwa dB ngapi), ngapi zimefika, na getiwei ngapi zimesikia.

SNR ndiyo ya kuangalia kuliko RSSI. Mpaka wa SF7 ni −7.5 dB, SF10 ni −15, SF12 ni −20. Mimi hukubali mahali ikiwa nukta 9 kati ya 10 zinapita kwa SF9 au chini yake zikiwa na akiba ya angalau dB 5 juu ya mpaka. Na nukta nyingi zisikike na getiwei mbili, kwa sababu siku moja itazimika.

Waya_na_Radi

Nakubaliana na Fundi_Kondele kuhusu redio. Niongeze kinachoua vifaa huku kwetu: radi. Ukanda wa ziwa, Kakamega na Kisii hupigwa ngurumo mara nyingi sana, na sehemu zako zote tatu ndizo vitu virefu kuliko vilivyo jirani.

Si lazima radi ipige mlingoti. Ikipiga mti mita 100 kutoka hapo, waya mrefu wa mtandao unaoshuka kwenye ukuta unatosha kuzoa volti za kuunguza bandari ya PoE (stima inayopita ndani ya waya wa mtandao). Ndiyo maana kinga inawekwa ncha zote mbili za waya, moja karibu na getiwei na nyingine kabla ya waya kuingia ndani ya jengo. Kwenye kebo ya antena weka kizuizi cha radi cha aina ya bomba la gesi, nacho kifungwe moja kwa moja kwenye bamba la ethi (linalopeleka umeme ardhini), kisining'inie hewani kwa waya mwembamba.

Kosa ninalolikuta zaidi ni ethi mbili zisizojuana. Mlingoti una rodi yake, stima ya shule ina rodi yake, na hakuna waya unaoziunganisha. Radi ikipiga, ardhi ya upande mmoja hupanda volti maelfu juu ya upande wa pili, na njia pekee iliyobaki ya kusawazisha ni kupitia getiwei yako. Ziunganishe kwa shaba ya mm² 16 au zaidi, njia fupi, kona za kujipinda taratibu.

Lenga ukinzani wa ethi wa ohm 10 au chini, kipimo kichukuliwe wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nyalenda na Kano unakudanganya: ukiwa na maji unatoa ohm 3 kwa rodi moja, ukikauka unapasuka na kuachana na rodi. Piga rodi mbili za mita 2.4 zilizoachana angalau mita 2.4. Riat ni mwamba, rodi itapinda kwenye nusu mita. Hapo usihangaike na nyundo. Chimba mitaro mitatu ya kina cha sentimita 60, urefu wa mita 10 hivi kila mmoja, itawanyike kama vidole kutoka kwenye mlingoti, ulaze utepe wa shaba na ufukie kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji). Chumvi na makaa msiweke. Ohm zitashuka vizuri mwaka wa kwanza, kisha shaba italiwa.

Udongo huo mweusi pia huinua na kushusha nguzo. Kanuni ya kuzika nguzo ni sehemu moja ya kumi ya urefu kujumlisha sentimita 60, kwa hiyo nguzo ya mita 9 inaingia mita 1.5. Kano na Nyalenda ongeza kina hadi ukutane na udongo mwingine, au panua kitako cha zege. Nguzo iliyoinama nyuzi 5 inainamisha na antena yake.

Chemba_Tatu

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali matatu ya nyongeza. Vifuniko vya chuma hatuwezi kuvibadilisha vyote mwaka huu, je, tuanzie wapi? Wenye tangi hawataki tutoboe wala tuchomelee chochote. Na kwenye tangi hakuna stima kabisa, ni sola tu.

Fundi_Kondele

Vifuniko: usibadilishe kwa mtaa, badilisha kwa kipimo. Zile nukta zilizoshindwa hata kwa SF10 ndizo za kwanza. Kifuniko cha plastiki ngumu kina faida ya pili, hakuna anayekiiba akauze kwa vyuma chakavu. Mahali ambapo lazima chuma kibaki kwa sababu magari hupita juu yake, toboa tundu katikati na upandishe antena bapa ya nje iliyokaa usawa na kifuniko. Mahali penye maji ya kudumu kama Nyalenda chini, hata plastiki haitakusaidia kifaa kikizama. Redio ihamishwe ukutani au kwenye nguzo fupi, waya wa mapigo (unaoleta hesabu ya mita kwa redio) ushuke kwa mita.

Kuhusu tangi, wana haki kabisa. Kuchomelea kunaunguza rangi ya ndani inayogusa maji ya kunywa, na kila tundu ni mwanzo wa kutu. Tumia klempu za kubana kwenye mihimili ya mnara au reli ya juu, za chuma kilichochovywa zinki, na kipande cha mpira katikati ili zisikwangue rangi. Bomba la inchi 2 linatosha kwa antena moja. Ncha ya chini ya antena isimame mita 1.5 hadi 2 juu ya ukingo wa tangi. Ukiifunga ubavuni, tangi lenyewe ni ukuta wa chuma uliojaa maji, na nusu ya Manyatta itakuwa kivulini. Kebo isipite kwenye ngazi; anayepanda kusafisha tangi ataishika kama kamba.

Getiwei iwe juu, karibu na antena. Kebo nzuri ya aina ya LMR-400 hupoteza kama dB 1.3 kwa mita 10, na RG-58 ya bei nafuu hupoteza karibu dB 5 kwa urefu huo huo. Nimesema mita 10 tu. Afadhali ushushe waya wa PoE mita 20 kuliko kebo ya antena. Viungo vyote vya kebo ya antena (aina ya N) vifungwe tepu ya mpira ya kujigandisha yenyewe, kuanzia chini kupanda juu ili maji yateleze, halafu tepu nyeusi ya kukinga jua juu yake. Acha kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kila glandi (kiingilio cha kebo kwenye boksi), na glandi zote ziwe chini ya boksi.

Paneli_na_Betri

Sola ya tangi. Getiwei yenye modemu ya 4G inakula wastani wa wati 5, hivyo 120 Wh kwa siku. Hesabu siku tatu bila jua la maana: 360 Wh. Kwa betri ya lithiamu ya LiFePO4 unayoishusha hadi asilimia 80, unahitaji 450 Wh, kama 35 Ah kwa 12.8 V, nunua 40 au 50. Kwa betri ya asidi usishushe zaidi ya nusu, kwa hiyo ni 60 Ah na uzito wa kupandisha juu. Paneli kwa hesabu ni wati 40, lakini weka 80. Mawingu ya Aprili hayasomi hesabu, na getiwei ikilala usiku mmoja unapoteza usomaji ambao wenye mita watakuja kuuliza kwenye bili.

Kisumu iko karibu na ikweta kabisa, kwa hiyo watu hulaza paneli bapa. Usifanye hivyo. Inamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Ielekee kaskazini, maana jua la Juni na Julai liko upande huo. Na iangalie isiwe chini ya kiota. Korongo wa Kisumu wanapenda vitu virefu, na kinyesi chao kinafunika seli tatu za paneli kwa siku moja, tena kinakula zinki ya klempu. Waya mwembamba uliosimama juu ya fremu unawazuia kutua.

Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, hufuata taa. Usifunge boksi lenye matundu ya hewa karibu na taa ya barabarani. Watajaa ndani, waoze, washike unyevu kwenye bodi. Boksi la IP67 (lisiloingiza vumbi wala maji) lisilo na feni, lililo kivulini mwa paneli, ndilo linalodumu. Kila glandi isiyotumika izibwe, la sivyo nyigu wataifanya nyumba.

Shule nayo ina mtego wake, si wa redio. Wanafunzi wakifunga, mlinzi anazima swichi kuu na getiwei inakufa mpaka muhula ufunguliwe. Au tokeni inaisha Ijumaa jioni. Omba laini yako mwenyewe kabla ya swichi kuu, na mita yake ndogo, ifanywe na fundi mwenye leseni. Weka betri ndogo ya 12 V ya saa 12, kwa sababu stima ikirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo, na betri katikati hulinda.

Mpimaji_Nakuru

Swali la Riat ni lile lile letu na Menengai, mlima wa volkano wa Nakuru. Mji wa Nakuru uko chini ya mteremko wa kusini wa kreta, na kila mtu anataka mlingoti ukingoni. Mitaa ya London na Milimani iko karibu mno na mguu wa mlima, mwale unaipita. Tumia antena iliyoinamishwa, kama alivyosema Fundi_Kondele. Kwa walio karibu na visima vya mvuke ndani ya kreta, gesi ya hidrojeni salfaidi hula shaba tupu. Tumia waya uliopakwa bati.

Ardhi ya Nakuru ni majivu ya volkano, kavu na nyepesi. Rodi moja inaweza kukupa zaidi ya ohm 50, kwa hiyo panga bajeti ya rodi nne au mitaro. Na kabla ya kuzika nguzo upande wa magharibi wa mji, waulize wenyeji maji ya mvua yanapotelea wapi. Kuna nyufa za ardhi zinazofunguka baada ya mvua kubwa.

Ninapingana na Paneli_na_Betri kidogo: nguzo za taa za barabarani msizidharau kwa ajili ya wadudu. Kwa kujaza shimo dogo la mita 60 au 80 za maji, nguzo ya mita 8 hadi 10 katikati ya mtaa inashinda tangi lililo mbali. Ning'iniza boksi mita 2 chini ya taa, basi.

Ruhusa_Kwanza

Nguzo za taa, sawa, lakini uliza kwanza barabara ni ya nani. Barabara za mjini ziko chini ya mamlaka ya KURA, za mashambani KeRRA, na Kondele kupitia Mamboleo kwenda Kakamega ni barabara kuu ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Nguzo inaweza kuwa ya kaunti huku ardhi iliposimama si yake. Nguzo za Kenya Power nazo zina utaratibu wake wa kuomba nafasi. Usifunge kitu ukitegemea urafiki na fundi wa laini, kitaondolewa siku ya matengenezo.

Riat na Otonglo ziko jirani na uwanja wa ndege wa Kisumu, kwa hiyo mlingoti wowote mpya, hata kuongeza mita 3 juu ya ule uliopo, upelekwe KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) upate kibali cha urefu. Anza na hili, maana linachukua muda kuliko yote. Vifaa vya redio viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mlingoti mpya kabisa utahitaji pia kibali cha kaunti na cha NEMA (mamlaka ya mazingira). Antena kwenye jengo lililopo ni nyepesi zaidi, nayo ni sababu nyingine ya kupendelea tangi na shule.

Kwa shule ya umma, barua ya mwalimu mkuu peke yake haitoshi. Mwalimu mkuu huhamishwa. Pata azimio la bodi ya usimamizi lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, lenye muda wa miaka mitano, nani analipa stima, nani ana ufunguo wa mlango wa paa, na saa ngapi fundi anaweza kuingia wakati wa likizo. Mahali usipoweza kufika Jumamosi saa mbili usiku getiwei inapokatika, pahesabu kama pa akiba.

Chemba_Tatu

Nimeandika yote. Wiki ijayo tunaanza na tangi na shule kwa mlingoti wa kuvuta, nukta 30, nusu zake Nyalenda na kando ya Auji, vifuniko vimefungwa. Barua ya KCAA ya Riat inaondoka kesho, ila getiwei ya Riat haitanunuliwa mpaka vipimo viishe.

Fundi_Kondele

Vizuri. Jambo moja tu: rudia nukta tano mbaya kabisa siku ya pili, mara mvua inapokwisha kunyesha, chemba zikiwa na maji. Andika tarehe na hali ya hewa pembeni ya kila kipimo. Na piga picha ya kila chemba ikiwa wazi, ili atakayebadilisha vifuniko ajue ni ipi.